Kufufua kompyuta kuu ya Odra: mwongozo kamili, kuanzia kabati la vumbi hadi programu ya kwanza

Swichi ya umeme ndiyo ya mwisho kuguswa. Ukisoma mwongozo huu wote ukaondoka na jambo moja tu, liwe hilo. Kompyuta kuu iliyolala ghalani miaka 20 haidhuriki ikisubiri miezi sita mingine, lakini inaweza kuungua kwa sekunde moja mtu akiichomeka ukutani ili aone kama inawaka. Nimeshuhudia mashine ikiuawa hivyo. Kifaa cha kudhibiti volti kilikuwa kimekufa zamani bila mtu kujua, volti zikapanda, na kadi zilizokuwa nzima asubuhi zikafa zote kabla ya chai ya saa nne. Kadi zile hazitengenezwi tena popote.

Mfano wangu mkuu ni Odra 1305 ya Poland, kwa sababu ndiyo niliyoishika kwa mikono. Mengi ya humu yatakufaa pia ukikutana na kompyuta nyingine za Poland kama MERA-400 au R-32.

Jua uliyo nayo

Odra ni jina la mto unaopita katikati ya jiji la Wrocław, na huko ndiko kilikokuwa kiwanda cha Elwro, kilichoanzishwa mwaka 1959. Za mwanzo, kama Odra 1003 na 1013, zilitumia transista za gerimani (elementi, si nchi). Kisha ukaja mfululizo wa 1300, yaani 1304, 1305 na 1325. Mwaka 1967 Elwro iliafikiana na kampuni ya Uingereza ya ICT, ambayo baadaye ilikuja kuwa ICL: Wapoland wajenge mashine zao wenyewe, lakini zielewe maagizo yale yale ya kompyuta za ICL 1900, ili programu za Waingereza ziende moja kwa moja. Ndiyo maana Odra 1305 ina neno (kipande cha data inachokishughulikia kwa mkupuo mmoja) la biti 24, herufi nne za biti 6 katika kila neno, na inaendesha mfumo endeshi wa George 3 kana kwamba imezaliwa nao. Msomaji wa Tanzania huenda akaisikia ICT kwa sikio jingine, kwani kompyuta ya kwanza ya Wizara ya Fedha, iliyofungwa mwaka 1965, ilikuwa ICT 1500 ya kampuni hiyo hiyo.

MERA-400 ni ukoo mwingine kabisa. Ina neno la biti 16 na imetokana na kompyuta ya K-202 ya mhandisi Jacek Karpiński. R-32 nayo ilitoka Elwro lakini inafuata maagizo ya kompyuta za IBM 360 za Marekani. Soma kibao cha chuma kilichopigwa misumari nyuma ya kabati kabla ya kutafuta hata ukurasa mmoja wa maelezo. Tofauti hizi zina uzito kwenye kazi: mashine za gerimani mara nyingi hutumia volti hasi, na transista zake huharibika upesi kwa joto la kichomeleo. Odra 1305 ina chipu za TTL (aina ya chipu za mantiki), zinazotaka volti 5 bila mchezo.

Hatua ya kwanza: karatasi na wazee

Watu hukimbilia vyuma. Vyuma vinaweza kungoja. Kinachopotea haraka ni karatasi na kumbukumbu za watu walioitumikia mashine, na wengi wao sasa wana miaka 70 au 80 na zaidi.

Tafuta kwanza kitu ambacho mafundi wa Poland wanakiita DTR. Ni majalada ya kiufundi yaliyokuja na kila mashine: michoro ya saketi, orodha ya waya, ratiba ya matengenezo. Usiridhike na DTR ya mashine nyingine ya aina hiyo hiyo. Kila Odra ilibadilishwa pale ilipofungwa, na mabadiliko hayo yaliandikwa kwa kalamu pembezoni mwa michoro. Maandishi ya pembezoni ndiyo yenye thamani zaidi. Piga picha kila ukurasa, hata ule mtupu wenye alama ya kikombe cha kahawa, kwa dpi 300 au zaidi, na michoro mikubwa uipige vipande vipande vinavyopishana.

Kisha nenda kwa wazee. Usiwaulize "mashine hii inafanyaje kazi?" Swali hilo ni pana mno na linachosha. Uliza mambo ya mkono: asubuhi ulianza kubonyeza nini? Kadi gani ilikuwa ikisumbua kila majira ya baridi? Mlikuwa mkiigonga wapi ili iamke? Mzee mmoja alinieleza kwamba kabati lao la kumbukumbu lilihitaji dakika 40 za kupata joto kabla ya kuaminika. Halikuandikwa popote. Rekodi sauti, na mwombe ruhusa ya kuitunza.

Jifunze pia maneno machache ya Kipoland, maana vibao havitakutafsiria. *Szafa* ni kabati, *pakiet* ni kadi ya saketi, *zasilanie* ni umeme unaolisha mashine, *pamięć* ni kumbukumbu, *taśma* ni tepu, *czytnik* ni kisomeo, *drukarka* ni printa.

Hatua ya pili: kuihamisha bila kuivunja

Kabla ya kuchomoa waya wowote, weka lebo kwenye ncha zote mbili na kwenye soketi zote mbili. Lebo nne kwa kila waya. Inachosha, nakubali. Lakini kuna kadi niliyoirudisha kwenye tundu lisilo lake kwa sababu niliiamini picha yenye ukungu, na nilitumia wiki mbili kuutafuta ugonjwa niliouleta mwenyewe.

Funga vichwa vya diski kwa kufuli yake ya usafiri. Makabati yasafiri yakiwa yamesimama. Uliza ghorofa unayoipelekea inabeba uzito gani kwa mita ya mraba, na uulize kwa maandishi.

Wakati wa baridi kuna hatari ya umande. Chuma kilichotoka nje kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri kikiingia kwenye chumba chenye joto hutoa jasho ndani na nje. Kiache kimefungwa kwenye nailoni yake kwa saa 48, jasho liishie juu ya nailoni badala ya kwenye saketi. Chumba cha kudumu kiwe na joto la nyuzi 20 hivi na unyevu wa asilimia 40 hadi 55, usiopandapanda na kushuka.

Hatua ya tatu: usafi, na hatari zilizojificha

Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini na glavu. Sponji za zamani zilizozuia kelele hugeuka unga na gundi inayonata. Karibu na sehemu za joto panaweza kuwa na asbesto, na baadhi ya kapasita kubwa za umeme wa ukutani za miaka ile zina mafuta yenye sumu ya PCB. Ukikuta kapasita ya chuma inayovuja mafuta, usiifute kwa mkono, na usiitupe kwenye taka za kawaida. Betri zilizovimba zitoe siku hiyo hiyo.

Vumbi litolewe kwa brashi laini na kifyonza vumbi chenye mpira wa kupitisha chaji tuli, huku umevaa kamba ya mkono iliyoungwa kwenye waya wa ardhi. Miguu ya kadi isugue kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowa alkoholi ya isopropili, kwa mwelekeo mmoja. Usitumie kifutio cha penseli kwenye dhahabu, kwa sababu tabaka lile ni jembamba na likiondoka halirudi. Feni zitoe, zungusha kwa kidole, badilisha beringi zinazokwaruza. Bila feni hakuna kuwasha, hata kwa dakika moja.

Sehemu moja usiipulizie hewa wala kuigusa kwa brashi: sahani za vipete vya kumbukumbu, ambazo nazieleza katika hatua inayofuata.

Hatua ya nne: okoa data kabla ya umeme

Hapa ninaomba subira yako, kwa sababu ni hapa wengi wanapoteza kisichoweza kununuliwa.

Kumbukumbu ya Odra nyingi ni vipete vya feraiti vilivyosokotwa kwenye nyaya nyembamba, kila kipete kikihifadhi biti moja kwa mwelekeo wa usumaku wake. Usumaku hauhitaji umeme ili ubaki. Maana yake ni kwamba mashine iliyozimwa vizuri miaka mingi iliyopita huenda bado imebeba ndani yake programu iliyokuwa ikifanya kazi siku ile ya mwisho. Lakini kusoma kipete ni kukifuta: saketi hukipindua hadi sifuri, husikiliza kama kimegeuka, kisha hukiandika upya. Umeme ukiingia kwa fujo, mikondo ya ovyo inapita kwenye nyaya na yaliyomo yanavurugika.

Kwa hiyo chomoa moduli za kumbukumbu kwenye umeme wake tangu mwanzo. Zitakaa pembeni mpaka umeme na prosesa viwe vimethibitishwa, pamoja na saketi ya kuzima inayozuia mikondo ya kumbukumbu volti zinaposhuka. Siku utakapoziunga, kazi ya kwanza iwe kunakili kila neno kuanzia anwani sifuri hadi mwisho. Ukianza na programu ya majaribio ya kumbukumbu, umeshafuta.

Tepu za sumaku nazo zina tabia zake. Za Odra kwa kawaida ni za upana wa milimita 12.7, njia 9, biti 800 kwa inchi kwa kila njia. Usizipandishe kwenye mashine ya zamani ambayo hujaikagua, kwani mpira mmoja uliogeuka lami unatosha kuivuta tepu na kuikata. Fungua kila tepu polepole kwa mkono, mita chache tu. Ikiwa inanata au inaacha unga wa kahawia kwenye kidole, gundi yake imeoza kwa unyevu. Dawa inayofahamika ni kuioka kwenye oveni ya maabara, si ya jikoni, kwa nyuzi 50 hadi 55 kwa saa nane au zaidi, iachwe ipoe polepole, kisha isomwe ndani ya siku chache. Si kila tepu inavumilia hilo, kwa hiyo jaribu kwanza kwa tepu isiyo na thamani ya aina ile ile.

Wakati wa kusoma, usiikabidhi kazi yote kwa saketi za zamani za kuamua hii ni moja, hii ni sifuri. Rekodi mawimbi ghafi ya vichwa vyote 9 kwa pamoja kwenye kompyuta ya leo, halafu programu ifanye uamuzi baadaye. Vichwa vilivyokaa upande kidogo hufanya biti za herufi moja zifike kwa nyakati tofauti. Kwenye mawimbi ghafi unaweza kuzipanga upya, ilhali saketi ya zamani ingekwambia kosa na kusimama. Tepu dhaifu huenda ikapita mara moja tu, na mara hiyo lazima uchukue kila kitu.

Tepu za karatasi ni rahisi zaidi. Zipitishe juu ya taa mbele ya kamera, programu ihesabu matundu. Kadi zilizotobolewa vivyo hivyo.

Hatua ya tano: umeme, kwa hatua za kinyonga

Umeme wa Poland wakati ule ulikuwa volti 220, na 380 kati ya fezi. Leo ni 230 na 400, yaani karibu asilimia 5 juu. Transfoma nyingi zina sehemu za kuchagua, kwa hiyo weka ile ya volti kubwa zaidi.

Pima kwanza ukinzani wa insulesheni kati ya nyaya za umeme wa ukutani na bodi ya chuma kwa mita ya mega-omu. Chini ya mega-omu 1, simama utafute unyevu. Kapasita za karatasi za kuchuja umeme, kama za chapa ya Miflex, hunyonya unyevu kwa miaka na kupasuka kwa moshi. Hizo badilisha bila huruma. Zile za elektroliti kubwa zina nafasi ya kuokoka. Itoe kila moja, ilishe kupitia rezista ya kilo-omu 10 au zaidi, pandisha volti kidogo kidogo kwa saa kadhaa huku ukitazama mkondo unaovuja. Mkondo ukishuka na kutulia kwenye miliampia chache au chini yake, pima uwezo na ukinzani wake wa ndani. Usiposhuka, kapasita imekufa. Weka mpya ndani ya kopo la zamani kama nafasi inaruhusu, kisha andika kwenye daftari, ili atakayekuja baada yako asidanganywe na ganda.

Sasa kifaa cha umeme kiwashwe peke yake, kadi zote zikiwa nje. Kiunge na mzigo bandia; taa za gari zinatosha. Panda taratibu kwa transfoma ya kuzungusha. Njia ya volti 5 inapaswa kubaki kati ya 4.75 na 5.25, na chipu za TTL hazitakiwi kamwe kuona zaidi ya 7. Saketi ya kinga inayopiga shoti yenyewe volti zikizidi ijaribiwe kwa makusudi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyoshindwa kuiokoa mashine niliyoitaja mwanzo. Acha kifaa kifanye kazi saa nane kikiwa na mzigo, na upime kila nusu saa.

Hatua ya sita: prosesa

Rudisha kadi chache chache. Anza na kadi za saa, zile zinazotoa mapigo, na uyatazame kwa osiloskopu. Bila mapigo safi, kila kipimo kingine kitakudanganya. Kisha njoo kwenye rejista (vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa) na taa za paneli: andika namba kwa swichi, isome kwenye taa. Ikirudi biti ikiwa imekosekana, fuata hiyo biti moja kwenye michoro, kadi hadi kadi.

Kwa uzoefu wangu, ugonjwa wa kwanza kushuku ni mguso mbovu kwenye soketi, wa pili ni lehemu iliyopasuka, na chipu iliyokufa ni wa tatu. Toa kadi, irudishe, pima tena kabla ya kushika kichomeleo. Kama una kadi pacha, badilishana na uone kama kosa linahama nayo.

Chipu mbadala si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Kiwanda cha CEMI cha Warszawa kiliziita UCY74 na namba ile ile ya kimataifa, hivyo UCY7400 ni chipu ya 7400 ya kawaida. MH7400 ya Czechoslovakia, D100 ya Ujerumani Mashariki na K155ЛА3 ya Urusi ya Kisovieti ni kitu kimoja kikazi. Angalizo: chipu za Kisovieti zina nafasi ya milimita 2.5 kati ya miguu badala ya 2.54, na kwenye chipu ndefu tofauti inaonekana. Ninapopata, naweka ya CEMI. Nisipopata, naweka inayofanya kazi na kuitia alama.

Kama nyuma ya makabati waya zimezungushwa kwenye nguzo bila lehemu, usiziweke lehemu wewe. Nunua kifaa cha kuzungushia. Kila utakachofanya kiweze kutenguliwa.

Prosesa ikishatekeleza maagizo ya mkono moja moja, ndipo uunge moduli za kumbukumbu, uzinakili kama nilivyosema, na baada ya hapo tu uendeshe majaribio.

Hatua ya saba: vifaa vya nje

Printa na visomeo ni mashine za kimekanika: mikanda, vilainishi vilivyoganda, mipira iliyooza. Kazi yake ni ya fundi cherehani kuliko ya fundi redio, na inachukua muda mrefu kupita prosesa. Usisubiri. Jenga kifaa kidogo cha kisasa chenye kidhibiti kimoja kinachojifanya kisomeo cha tepu, kikilisha mashine mafaili uliyookoa. Kiungwe kwenye soketi ya asili kwa plagi sahihi, chenye vigeuzi vya volti 3.3 kwenda 5, na waya wowote wa asili usikatwe. Vifaa halisi vitafuata kimoja kimoja.

Hatua ya nane: kuileta George

Jaribu kwanza programu zote kwenye kiigizi cha ICL 1900 kwenye kompyuta yako ya mezani. Ikiwa nakala ya mfumo inakataa huko, haitakubali kwenye chuma, na utakuwa umejiokoa siku nyingi za kuilaumu prosesa isiyo na kosa. Nakala ikishakubali, pakia kwenye Odra programu ndogo za lugha ya PLAN, kisha programu ya kisimamizi cha mashine, na mwisho George 3.

Yanawezekana haya. Katika kituo cha reli cha Wrocław Brochów, Odra 1305 ilikuwa kazini hadi mwaka 2010, ikihudumia mabehewa wakati dunia nzima imeshahamia kwenye simu za mkononi. Na katika Muzeum Historii Komputerów i Informatyki, makumbusho ya historia ya kompyuta mjini Katowice, watu wa kujitolea wameifanya Odra 1305 iamke tena mbele ya wageni.

Ikishawaka

Iwashwe angalau mara moja kwa mwezi, kwa saa mbili au tatu, kwa sababu kapasita na beringi huzeeka upesi zikikaa bure. Feni kwanza, umeme wa kadi baadaye, kumbukumbu mwisho. Wakati wa kuzima, mpangilio huo ugeuzwe. Kila safari andika kwenye daftari la karatasi lenye jalada gumu: tarehe, joto la chumba, volti za kila njia, ampia za kila fezi, kadi iliyobadilishwa na jina la aliyebadilisha. Ampia zikiwa zimepanda kuliko mwezi uliopita na hujui kwa nini, zima, chomoa, na urudi kwenye hatua ya tano.